Lita Ngapi Leo? Shajara ya Mkunga na Daftari la Mama

Kwetu Njombe mama alikuwa na daftari la maziwa. Kila jioni aliandika lita zilizokamuliwa, nani kachukua kwa mkopo, ng'ombe yupi anaumwa. Alipofariki, mimi msomi wa nyumba ndiye niliyesema madaftari yale yawashie moto wa maji ya wageni. "Kwani mle kuna nini zaidi ya lita?" nilimwuliza dada. Hakunijibu.

Miaka ilipita. Siku moja nikakutana na kitabu cha mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich, *A Midwife's Tale*, kilichotoka 1990 na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer ya historia. Kinamhusu Martha Ballard, mkunga wa Hallowell, kando ya mto Kennebec, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Maine, Marekani. Kuanzia Januari 1785 mpaka 1812, mwaka aliokufa, mama huyu aliandika shajara karibu kila siku. Miaka 27! Hali ya hewa, nani kaja, nani kaenda, kazi gani imefanyika. Katika miaka hiyo alizalisha mara 816, na kila uzazi aliutia namba pembeni mwa ukurasa, akaweka na alama akishalipwa.

Waliomtangulia Ulrich waliiona shajara hiyo. Walichomoa vipande vya kusisimua, yaliyobaki wakayaona ni mambo ya jikoni tu. Kwa maneno mengine, walisema kama nilivyosema mimi.

Sasa twende kwenye msimu wenyewe. Kamusi zetu hutafsiri msimu wao wa Septemba hadi Novemba kuwa "vuli". Lakini kwetu vuli ni mvua, ni mtu kushika jembe na kupanda. Kule ni kinyume chake: majani yanapukutika, baridi inapiga hodi, mto utaganda na vyombo havitapita tena mpaka masika. Vuli ya Martha ilikuwa mbio. Viazi vitolewe ardhini kabla udongo haujawa jiwe, kabichi zihifadhiwe, kuni zirundikwe. Kitani kilichong'olewa shambani lazima kipondwe, kichanwe, kisokotwe, halafu binti zake Hannah na Dolly wakae kwenye mtambo wa kufumia. Mume, Ephraim, alikuwa mpima ardhi na mwenye kinu. Mara nyingi yuko msituni. Katikati ya hayo yote mlango unagongwa usiku: kuna mama ana uchungu ng'ambo ya mto. Martha anaacha kila kitu, anakwenda.

Basi vuli ya 1791, tarehe 23 Oktoba, aliitwa kumzalisha Sally Pierce, msichana asiye na mume. Sheria ya Massachusetts, ambayo Maine ilikuwa sehemu yake wakati huo, ilimtaka mkunga amwulize msichana wa namna hiyo, uchungu ukiwa umempanda, baba wa mtoto ni nani. Waliamini katika hali ile mtu hawezi kusema uongo, na jibu lake lilikuwa ushahidi mahakamani wa kumdai mwanamume matunzo. Sally akajibu: ni Jonathan. Jonathan Ballard. Mtoto wa kumzaa mkunga mwenyewe.

Hebu jiweke pale. Mikono yako ndiyo inayompokea mjukuu, na masikio yako ndiyo yanayosikia jina la mwanao. Martha aliandika nini? Aliandika kwamba mtoto wa kiume amezaliwa salama, na kwamba Sally amemtaja Jonathan. Mwandiko uleule wa siku za kabichi na viazi. Hakulaani, hakumtetea mwanawe. Lakini angeweza kunyamaza, na hakunyamaza. Februari 1792 Jonathan na Sally walifunga ndoa, na siku chache baadaye Jonathan akamleta mkewe na mtoto nyumbani kwa wazazi.

Hapa ndipo nilipoelewa kazi ya Ulrich. Hakutafuta siku kubwa peke yake. Alihesabu siku ndogo. Vuli ya 1792 Hannah aliolewa, na mwezi uliofuata akaolewa Parthenia, mpwa wa Martha aliyekuwa akiishi nao. Maharusi hao hawakuondoka siku ileile. Walikaa wiki kadhaa wakishona mifarishi na kukusanya vyombo. Ukisoma haraka, ni habari ya harusi. Ukisoma taratibu, unaona mikono inaondoka nyumbani. Dolly naye akaolewa, wasichana wa kazi wakawa wanakuja na kuondoka, na mama aliyekuwa na kiwanda kizima cha nguo ndani ya nyumba akabaki anafua mwenyewe, akiwa na usingizi wa kukesha kwa wazazi wengine.

Mwaka 1804 Ephraim alifungwa kwa deni la kodi alizopewa kukusanya. Akiwa kifungoni, Jonathan na Sally walihamia nyumbani kwa Martha, naye akabanwa kwenye chumba kimoja ndani ya nyumba aliyoizoea kuiendesha. Kwenye shajara unaanza kusikia habari za kuni: zimekwisha, hazijaletwa. Kuni tu, utasema. Lakini mwanamke wa miaka karibu sabini kukosa kuni kwenye baridi ile, huku mwanawe yuko hapohapo, hiyo ni kesi nzima. Mtu asiyejua kuni ziliandikwaje miaka ya neema hawezi kuisikia.

Shajara ilinusurika kwa sababu ukoo uliitunza. Ilifika mikononi mwa kilembwe wake, Mary Hobart, ambaye alikuwa daktari, naye mwaka 1930 akaikabidhi Maktaba ya Jimbo la Maine.

Nilipomaliza kitabu nilimpigia dada simu kuomba msamaha. Akacheka. Kumbe daftari moja alilichukua siku ile, kwa kuwa lilikuwa na kurasa tupu nyuma, akalitumia kwa hesabu za kikundi chao cha kuweka na kukopa. Alinipigia picha kurasa za mbele, akanitumia.

Nikasoma kama Ulrich alivyonifundisha. Lita 11. Lita 10. Lita 11. Wiki nzima hivyo. Halafu ghafla lita 6, na kuanzia hapo haikupanda tena zaidi ya 7. Hakuna maelezo. Nikaangalia tarehe. Ulikuwa Oktoba, mwezi nilioripoti chuo, na siku zote niliambiwa ada yangu ilitoka kwenye akiba.