Maji ya Wanaanga na Kipimo Kisichotaja Jina

Tarehe 20 Mei mwaka 2009, wanaanga watatu waliokuwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu walinyanyua mifuko yao ya maji, wakanywa. Maji hayo yalitokana na mkojo, jasho na mvuke wa pumzi zao wenyewe, baada ya kusafishwa na mtambo uliopelekwa huko mwezi Novemba mwaka 2008. Wako waliocheka. Kicheko hicho hakikuwa na msingi, kwani kupandisha maji kutoka ardhini ni gharama kubwa mno, na Wasovieti walikwisha kusafisha maji ya mvuke ndani ya chombo chao cha Salyut 4 tangu mwaka 1975.

Swali la haki lilikuwa jingine: ni nani ajuaye kilichobaki ndani ya maji hayo? Kituoni kipo kipimo kinachogeuza kaboni yote ya kemikali zilizomo kuwa hewa ya ukaa, kisha kuipima hewa hiyo. Wamarekani waliweka mpaka wa miligramu 3 za kaboni katika lita moja. Kipimo hicho hutoa jumla tu, hakitaji jina.

Katikati ya mwaka 2010 jumla hiyo ilianza kupanda. Je, ilikuwa sumu? Kipimo hakikuweza kujibu. Ilibidi sampuli zirudishwe duniani, na wataalamu wa Houston wakaigundua kemikali iitwayo dimethilisilanedioli. Kwa kiasi kile haikuwa na madhara kwa mnywaji. Hata hivyo, hofu ilikuwa na sababu: kemikali isiyodhuru ikiijaza hesabu, sumu halisi yaweza kujificha nyuma yake. Machujio yalibadilishwa, hesabu ikashuka. Baada ya muda ikapanda tena.

Chanzo chake kilikuwa karibu kuliko ilivyodhaniwa. Siloksani, zilizomo katika vipodozi na dawa za kwapa, hupaa hewani, huingia katika mvuke unaokusanywa, na humo hugeuka kuwa kemikali hiyo. Baadaye machujio ya mkaa yaliwekwa kwenye njia za hewa ili kuzinasa mapema.

Mwaka 2023 shirika la NASA lilitangaza kwamba asilimia 98 ya maji kituoni yaliweza kurejeshwa. Lakini kituo hicho kiko jirani na dunia. Waendao Mirihi, safari ya miezi mingi, hawatakuwa na chombo cha kurudisha chupa za sampuli Houston. Itawapasa wachukue kipimo kitakachotaja jina hukohuko.