Kwani hakuna dawa ya sumu ya risasi?

Kila mjadala wa Owino Uhuru kule Mombasa ukirudi, hakosi mtu wa kuuliza: kwani si wapewe dawa tu, mambo yaishe? Swali si la kijinga. Dawa ipo, na ina historia. Twende polepole. (Risasi hapa ni ile ya betri na rangi, si ya bunduki.)

Ya kwanza ilitoka vitani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanasayansi wa Oxford, Uingereza, walitafuta kinga dhidi ya gesi ya sumu yenye aseniki. Wakapata BAL, dawa inayoshika metali mwilini. Baadaye ikatumika kwa risasi pia, ila sindano yake ni uchungu si mchezo.

Miaka ya 1950 ikaja EDTA. Molekuli yake inabana metali kama kaa na gando lake. Hata jina la tiba hii, kelesheni, limetokana na neno la Kigiriki la gando. Mgonjwa hupewa ile iliyobeba ioni ya kalsiamu. Ikikutana na risasi inaachilia kalsiamu, inashika risasi, inatoka nayo kwa mkojo. Ukikosea ukatumia ile isiyobeba kalsiamu, itanyakua kalsiamu ya mgonjwa mwenyewe na moyo unaweza kusimama. Watu wamekufa hivyo. Mtu akikuuzia ati dripu ya kusafisha damu, kaa mbali.

Mwaka 1991 Marekani ikaidhinisha DMSA, ya kumeza, kwa watoto. Hiyo ndiyo iliyotumika Zamfara, Nigeria, baada ya 2010, ambako mawe ya dhahabu yalisagwa majumbani na watoto zaidi ya 400 wakafa. Madaktari waliokoa wengi, lakini walishikilia sharti moja: udongo wa kijiji usafishwe kwanza, ndipo matibabu yaanze. Mtoto akirudi kuchezea vumbi lile lile, dawa ni bure. Kijiji cha Bagega kilisubiri usafishaji hadi 2013 kwa sababu pesa za serikali zilichelewa. Watoto wakasubiri nao.

Kuna lingine ambalo wanasiasa hawapendi kusema. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2001 ulionyesha kwamba kwa watoto wenye kiwango cha wastani, DMSA ilishusha risasi kwenye damu lakini akili haikuboreka. Isitoshe, risasi nyingi hujificha kwenye mifupa, na ikitolewa kwenye damu, nyingine hushuka kutoka huko.

Sasa rudi Owino Uhuru. Hukumu ya 2020, ambayo Mahakama ya Juu iliirudisha Desemba 2024, haikuwa ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 peke yake. Iliagiza pia mazingira yasafishwe. Kwenye majukwaa utasikia bilioni. Udongo hautajwi.

Mwenye swali aweke hapo chini.