Mashaka ya Anayealikwa Kwenye Kikundi cha Kuacha Pombe

Msimu wa korosho ufikapo Kitaya na vijiji jirani vya bonde la Ruvuma, mabibo hukamuliwa, uraka hunywewa, na sehemu yake hupikwa kuwa gongo. Ndipo nasi wachungaji tunapowapokea wake wanaolia na waume wanaoahidi kuacha. Ahadi hizo mara nyingi ni za kweli, ila mwenye kuahidi hurudi nyumbani akapambane peke yake. Tukimtajia kikundi cha walevi wanaosaidiana, kama vile Alcoholics Anonymous (AA), husita.

Shaka iliyo nzito kuliko zote ni ya siri, na tusiibeze, kwa maana kijijini kila mtu amjua mwenzake. AA huwataka wanachama wasitangaze majina wala maneno ya mkutanoni. Hata hivyo hakuna kanuni iwezayo kumficha mtu anayeonekana akiingia mlangoni. Kwa maoni yetu, kikundi cha kijijini kisikutane mara baada ya Misa, bali jioni ya siku ya kazi, barazani kwa mtu anayeaminika, na kimpokee Mkristo na Mwislamu vilevile.

Wengine huhofia kwamba hilo ni dhehebu, au kwamba linachukua nafasi ya Kitubio. Tukiri kwamba nasi tuliwahi kuwaza hivyo. Hatua ya tano kati ya zile kumi na mbili humtaka mlevi akiri makosa yake mbele ya Mungu, mbele ya nafsi yake na mbele ya mtu mwingine. Kukiri huko humfungua moyo, lakini si maondoleo ya dhambi; Mkatoliki angali anamhitaji padre. Padre Edward Dowling, Mjesuiti wa Marekani ambaye hakuwa mlevi, aliona jinsi hatua hizo zinavyokaribiana na Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Ignasi. Tangu 1940 alikuwa mshauri wa Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wawili wa AA.

Mwanzilishi wa pili, daktari Bob Smith wa Akron, Ohio, ndiye ndugu wa kila mwenye mashaka. Mwezi Mei 1935 alikubali kwa shingo upande kumwona Wilson, akisema dakika kumi na tano zinatosha. Walizungumza saa kadhaa, kwa kuwa aliyekuwa mbele yake hakumhubiria, bali alimsimulia ulevi wake mwenyewe. Hata baada ya hapo daktari alianguka tena. Siku aliyokunywa mara ya mwisho, tarehe 10 Juni 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa AA. Walikuwa wawili tu. Hadi leo sharti la kujiunga ni moja: nia ya kuacha pombe.

Anayekunywa kila siku kwa wingi asiache ghafla bila kuonana na mganga. Anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupatwa na kifafa, na hali hizo huweza kuua. Apelekwe zahanati kwanza, na mwenzake wa kikundi amsindikize.