DINI KUBWA ZILIZALIWA ASIA. JE, SISI WA KARAGWE TULIKUWA GIZANI?

 

Ndugu zangu wa Nyaishozi, Kayanga, Omurushaka, Kyerwa na popote mlipo, leo nina darasa refu kidogo. Chukua kahawa yako, soma taratibu.

Vijana wetu wana swali, na usiwakemee wakiliuliza, kwa sababu ni swali la mtu anayefikiri: "Maalim, Uislamu umetoka Asia. Ukristo umetoka Asia. Uyahudi, Uhindu, Ubudha, vyote Asia. Kwani Mwenyezi Mungu alitusahau sisi? Mababu zetu hawakuwa na ustaarabu?"

Tuanze na hilo neno lenyewe, ustaarabu. Ukilisikiliza vizuri utasikia Mwarabu ndani yake. Asili yake ni kujifanya au kuwa kama Mwarabu. Watu wa pwani zamani walisema uungwana, na katika karne ya 19, Zanzibar ilipokuwa chini ya masultani wa Oman, ustaarabu ndio ukashika. Kwa hiyo kijana anayeuliza kama babu yake alikuwa na ustaarabu anatumia kipimo ambacho jibu limeshawekwa ndani. Tukiweke kando, tuangalie yaliyotokea.

Ni kweli miji mikubwa ya mwanzo ilisimama Asia. Huko Iraq ya leo, kati ya mito Dajla na Furati, watu wa Sumeri walijenga Uruk na Uri zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Mto ulileta rutuba, mavuno yakazidi chakula cha mwaka, ziada ikawekwa ghalani, na ghala likataka mtu wa kuhesabu. Hapo ndipo maandishi yalipozaliwa, yapata mwaka 3200 kabla ya Nabii Isa (a.s.). Unajua waliandika nini mwanzo? Si dua wala mashairi. Waliandika shayiri kiasi gani, mbuzi wangapi, nani anadaiwa. Kama karani wa chama cha msingi anavyoandika kilo zako za kahawa ya maganda. Kwenye bonde la Sindi, Pakistan ya leo, mji wa Mohenjo-daro ulikuwa na mitaro ya maji machafu iliyojengwa kwa matofali karibu miaka 4,500 iliyopita. (Kuna miji yetu ya leo bado inaitafuta hiyo mitaro.)

Penye maandishi, habari za manabii na walimu hubaki. Penye njia za biashara, husafiri. Hiyo ni sababu kubwa ya sisi kujua kwa kirefu habari za Asia. Siyo kwamba kwingine mbingu zilikuwa zimefungwa. Sura An-Nahl aya ya 36 inatufahamisha kwamba kila umma ulipelekewa mtume. Sura Ghafir aya ya 78 inaongeza kwamba wapo mitume ambao Mtume wetu (s.a.w.) alisimuliwa habari zao, na wapo ambao hakusimuliwa. Mimi sithubutu kumtaja mtu wa Karagwe nikasema huyu alikuwa nabii. Hiyo ni kumzulia Mwenyezi Mungu. Lakini wewe pia usithubutu kusema hakuwapo.

Kinyambo chetu kina jina Ruhanga, nalo linatokana na kuhanga, yaani kuumba. Muumba. Jina hilo halikuletwa na meli.

Na mikono ya mababu haikuwa mitupu. Nenda Katuruka, Bukoba Vijijini, kwenye mahali pa jadi panapoitwa Kaiija, pa mfua chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza wazee wa pale, akachimba walipomwonyesha, na akakuta mabaki ya kuyeyushia chuma yenye umri unaozidi miaka 2,000. Zingatia: wakati huo huko Makka hajazaliwa Mtume (s.a.w.), na katika mkoa huu wetu watu tayari wanajua tanuri, mkaa na mviringo wa moto unaotoa chuma kwenye udongo. Qur'an ina sura nzima yenye jina la chuma, Al-Hadid, na aya ya 25 inakitaja chuma kama kitu chenye nguvu na manufaa kwa watu. Mababu zetu waliyajua manufaa hayo kabla hawajaisikia aya.

Sasa njoo Kafuro. Wengi wetu tunapita bila kujua kwamba katika karne ya 19 Kafuro ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa Kiislamu. Njia ilitoka pwani, ikapita Tabora, ikaingia Karagwe, ikaendelea mpaka Buganda. Musa Mzuri, Mhindi kutoka Surat, alikuwa mmoja wa wakubwa wa njia hiyo. Omukama Ndagara alipofariki na wanawe wakagombea kiti, Musa alimsaidia Rumanika dhidi ya nduguye Rogero. Mwingereza John Speke alipofika kwa Rumanika mwaka 1861, Omukama alimsalimu kwa Kiswahili safi. Speke mwenyewe aliongea Kihindi na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India. Asia ilikuwa imeshafika ikulu ya Karagwe.

Na hapo Speke akafanya jambo ambalo madhara yake hayajaisha. Aliona ufalme una utaratibu, ng'ombe, na mtawala mwenye hekima, akashindwa kuamini kwamba ni kazi ya watu weusi. Akamwambia Rumanika kwamba asili yake ni Uhabeshi, na nasaba yake inarudi kwa Nabii Daudi (a.s.). Fikiria! Mgeni anakuja nyumbani kwako, anakusifu, kisha anakwambia uzuri wako si wako. Akaandika kitabuni kwamba watawala wa nchi hizi walikuja kutoka nje, wa damu bora, na raia ni wazao wa Hamu waliolaaniwa. Qur'an haina laana hiyo. Lakini wakoloni waliishika, wakaigeuza siasa kule Rwanda, na mwaka 1994 sisi wa Karagwe na ndugu zetu wa Ngara tuliona kwa macho yetu waliovuka Mto Kagera.

Kwa hiyo ukisema "kila jema limetoka Asia", ujue ni nani mwingine aliyelisema.

Dini yenyewe haikai ilipozaliwa. Ubudha ulianzia India na Nepal. Leo India wafuasi wake hawafiki asilimia moja, wamejaa Thailand, Japani, Sri Lanka. Ukristo ulianzia Palestina, na leo Wakristo wa Palestina ni wachache mno. Waarabu ni kama mmoja tu kati ya Waislamu watano duniani.

Nimalizie na jambo ambalo baadhi ya masheikh wenzangu hawapendi lisemwe. Wale wafanyabiashara wa Kafuro walikaa miaka mingi na Karagwe haikusilimu. Rumanika aliwapenda, aliwalinda, lakini dini yao ilibaki ndani ya boma lao. Kwa nini? Wengi walifuata pembe za ndovu na watumwa. Na sharia haimruhusu Mwislamu kumfanya Mwislamu mwenzake mtumwa. Basi mwenye biashara ya watu, ukimfundisha jirani shahada umejipunguzia bidhaa. Hiyo ndiyo hukumu yangu, na siioni aibu kuiandika.

Hawakuwa wote hivyo. Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna mwaka 1844, na inasimuliwa kwamba Suna alipoamuru watu wauawe, alisimama mbele yake akasema hao ni viumbe vya Mwenyezi Mungu na kuwaua ni dhambi. Mtu mmoja, mgeni, hana jeshi. Suna hakumdhuru, akataka kujua zaidi. Mwanawe Mutesa akaja kufunga Ramadhani kwa miaka kama kumi, akaamrisha watu wasali, ingawa hakutahiriwa.

Vijana wa ikulu waliosoma dini kwa dhati wakamwambia Mutesa kwamba nyama iliyochinjwa kwa amri yake hawaili, na kwamba asiyetahiriwa hawasalishi. Mwaka 1876 akawaua kwa moto kule Namugongo, wapatao 70. Walikuwa Waganda. Mwaka huohuo Henry Stanley alipita Kafuro, akawakuta wafanyabiashara wetu bado wapo, na pembe zao.

Wallahu a'lam.