Vitanzi Vingapi kwa Sentimita 10?

Kazi za kale kabisa za ufumaji wa sindano zinazojulikana zilipatikana Misri: soksi za pamba za buluu na nyeupe, zilizofumwa kati ya karne ya 11 na ya 14. Nakshi zake zimehesabiwa kwa uangalifu mkubwa, safu kwa safu. Lakini aliyezifuma hakuacha maandishi. Ujuzi ulikaa mkononi, na mwanafunzi aliupata kwa kuketi karibu na anayejua na kutazama vidole vyake.

Hali hiyo ilidumu kwa karne nyingi hata ufumaji ulipoenea Ulaya. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufumia soksi, ilhali maelekezo ya kufuma kwa mkono ya kale zaidi yanayojulikana kuchapishwa kwa Kiingereza yalitoka London mwaka 1655. Mashine ilitangulia maandishi kwa miaka 66! Tena maelekezo yenyewe yalikuwa ya soksi, yamewekwa ndani ya kitabu cha tiba, Natura Exenterata, na yanasomeka kama mazungumzo ya mtu anayefuma huku akisema. Asiyejua kufuma hawezi kuyafuata.

Vitabu vya ufumaji vilianza kumiminika Uingereza miaka ya 1830 na 1840, sufu ya rangi ilipopatikana madukani na wanawake wa tabaka la kati walipotaka kufuma wakiwa nyumbani. Jane Gaugain wa Edinburgh, aliyeuza nyuzi, alichapisha The Lady's Assistant mwaka 1840 akitumia herufi na alama zake mwenyewe ili asirudie maneno marefu. Frances Lambert wa London naye alihangaikia unene wa sindano, akatetea kifaa cha kuupimia. Nawaheshimu sana wanawake hawa, maana walianzisha lugha ya kuandikia kazi ambayo haikuwa na lugha hiyo. Hata hivyo kila mwandishi alikuwa na ufupisho wake, na namba za sindano zilibaki kuwa fumbo hadi karne iliyofuata: namba 8 ya Uingereza ni milimita 4, lakini namba 8 ya Marekani ni milimita 5.

Upungufu mkubwa zaidi ulikuwa wa kipimo. Vielelezo vingi vya karne ya 19 vilimwambia msomaji aanze na vitanzi kadhaa bila kusema vitanzi hivyo vinapaswa kuwa na upana gani. Tuseme mwandishi anapata vitanzi 22 kwa kila sentimita 10, naye anaagiza vitanzi 220 kwa sweta la kifua cha sentimita 100. Mfumaji mwenye mkono mlegevu, anayepata 20 tu, atafuata kila neno na kuishia na sweta la sentimita 110. Hajakosea popote. Kilichomponza ni maandishi yaliyonyamazia jambo moja. Kwa maoni yangu, mstari mfupi unaotaja idadi ya vitanzi na safu katika sentimita 10 umewasaidia wafumaji kuliko ufupisho na michoro yote.

Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia viliongeza haja ya maandishi yanayoeleweka. Maelfu ya watu waliwafumia askari soksi, na soksi yenye mshono mnene kidoleni humtia malengelenge anayetembea kutwa nzima. Msalaba Mwekundu wa Marekani ulitoa maelekezo ya pamoja ili kazi za mikono mingi zifanane.

Aliyekwenda mbali zaidi, kwangu mimi, ni Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani. Katika miaka ya 1950 mchapishaji mmoja aliandika upya maelekezo ya sweta lake lililofumwa kwa mzunguko, akaligeuza kuwa vipande vya kuunganishwa. Ndipo mwaka 1958 akaanza kutoa jarida lake dogo. Alimfundisha msomaji kuhesabu kwanza vitanzi anavyopata katika kipimo fulani, kuzidisha kwa mzunguko wa kifua, kisha kupata sehemu nyingine kwa asilimia ya idadi hiyo: mkono wa sweta kwa juu ni takriban theluthi, shingo ni takriban asilimia 40. Kitabu chake Knitting Without Tears kilitoka mwaka 1971. Mwaka uliofuata mwandishi mwingine wa ufumaji, Barbara Walker, alitoa mkusanyiko wa nakshi zilizochorwa kwenye miraba. Japani nayo imeweka alama za michoro ya namna hiyo katika viwango vya taifa, hivyo mfumaji asiyesoma Kijapani anaweza kuifuata.

Siku hizi kielelezo kizuri hutaja kifua cha mvaaji, kifua cha sweta lililokamilika, na nafasi inayobaki kati ya vipimo hivyo viwili. Kazi ngumu iliyobaki ni saizi kubwa. Kifua kikiongezeka kwa sentimita 40, mabega hayaongezeki kwa kiasi hicho, na mwandishi anayezidisha namba zote kwa uwiano mmoja humpa mwanamke mnene sweta linaloanguka mabegani. Inampasa mwandishi akokotoe kila saizi peke yake, kisha awape wafumaji wa maumbo mbalimbali waijaribu kabla hajaiuza.