Durban: barua za watawala na mikono iliyoziandika

Barua iliyoandikwa kwa mkono na mtawala au jemadari mashuhuri ni mali inayotafutwa sana duniani. Wako wanaoitafuta kwa ajili ya sahihi iliyo chini yake, na wako wanaoitafuta kwa ajili ya habari zilizomo. Tofauti hiyo inaonekana vyema Durban, bandari ya Afrika Kusini kwenye Bahari ya Hindi.

Katika kilima cha Berea, jijini humo, ipo nyumba iitwayo Muckleneuk, iliyojengwa mwaka 1914 kwa ajili ya Sir Marshall Campbell, tajiri wa mashamba ya miwa. Binti yake Margaret, aliyezaliwa mwaka 1881 na kujulikana zaidi kwa jina la Killie, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya vitabu, barua na hati za Natal na za nchi ya Wazulu. Katika maktaba inayobeba jina lake zimo nyaraka za Sir Evelyn Wood, mmoja wa makamanda wa Kiingereza katika vita vya mwaka 1879 dhidi ya Wazulu. Zimo pia nyaraka za Askofu John Colenso, aliyewatetea Wazulu hao mbele ya serikali ya kikoloni.

Lakini je, mfalme wa Wazulu mwenyewe? Cetshwayo hakuwa mtu wa kuandika. Wakati wa vita hivyo barua zake kwa Waingereza ziliandikwa na Cornelius Vijn, mfanyabiashara kijana kutoka Uholanzi aliyekutwa na vita akiwa katika nchi ya mfalme. Siku chache kabla ya mapigano ya Ulundi ya tarehe 4 Julai 1879, mfalme aliagiza maneno ya kutafuta amani. Vijn aliyaandika, kisha akaongeza ujumbe wake mwenyewe, akiwaonya Waingereza kuhusu wingi wa majeshi ya mfalme. Karatasi moja ikabeba sauti mbili zilizopingana.

Jambo hili si geni kwa watu wa pwani yetu. Masultani wa Zanzibar nao walikuwa na makarani, na mara nyingi barua ilikuwa ya sultani kwa muhuri, lakini ya karani kwa mwandiko. Anayethamini mwandiko peke yake huenda akamkosa mwenye maneno.

Ndiyo maana hazina kubwa ya Bi Campbell pengine si barua ya jemadari yeyote. Ni nyaraka za James Stuart, ofisa wa kikoloni aliyewahoji watu wapatao 200, kuanzia miaka ya 1890, kuhusu habari za Shaka, Dingane na warithi wao. Stuart alifariki mwaka 1942, na Bi Campbell akazinunua karatasi zake. Mahojiano hayo yalianza kuchapishwa mwaka 1976.

Si kila hati ya Durban iliyobahatika hivyo. Mahatma Gandhi, aliyefika mjini humo mwaka 1893 na kuanzisha makazi ya Phoenix mwaka 1904, alimwandikia barua nyingi rafiki yake, msanifu majengo Hermann Kallenbach. Mwaka 2012 nyaraka za Kallenbach, zikiwemo barua za Gandhi, zilikuwa karibu kupigwa mnada London. Serikali ya India ililazimika kulipa takriban dola milioni 1.1 ili zisitawanyike mikononi mwa watu binafsi.

Killie Campbell alifariki mwaka 1965, akiwa ameukabidhi mkusanyiko wake kwa Chuo Kikuu cha Natal, ambacho tangu mwaka 2004 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kuwa karatasi hizo ziliorodheshwa na kufunguliwa kwa watafiti, mjukuu wa mzee aliyezungumza na Stuart anaweza leo kwenda Durban akasoma maneno ya babu yake.