Mtambo Huongozwa, Kimo Huhakikiwa

Uongozaji wa mitambo kwa setilaiti ni mfumo unaomwezesha dereva wa greda au tingatinga kukata na kujaza udongo kwa kufuata mchoro wa kidijitali, badala ya kutegemea pegi zilizopangwa njia nzima. Antena hufungwa kwenye mtambo, na kompyuta hulinganisha mahali lilipo bamba la kukwangulia na kimo alichokipanga mhandisi. Skrini humwonyesha dereva akate au ajaze kiasi gani. Baadhi ya mifumo hupandisha na kushusha bamba yenyewe.

Setilaiti peke yake haitoshi, maana kipokezi cha kawaida, kama cha simu, hukosea kwa mita kadhaa. Kwa hiyo kituo rejea husimikwa juu ya nukta inayojulikana. Kituo hupokea mawimbi ya setilaiti zilezile, hutambua kosa, kisha huutumia mtambo masahihisho kwa redio, na kosa hupungua hadi sentimita chache. Hata hapo kimo hubaki na kosa kubwa zaidi kuliko mahali, kwa kuwa setilaiti zinazopokewa zote ziko juu ya upeo wa macho.

Wapo wanaouita mfumo huu "udhibiti wa mashine". Nashikilia "uongozaji". Tukisema udhibiti, kama katika "udhibiti wa ubora", tunafikiria pia ukaguzi, na mtu wa saiti ataamini kuwa kazi imekwisha kukaguliwa. Mfumo huelekeza tu. Kuthibitisha ni kazi nyingine.

Istilahi ya pili ni ile mafundi waiitayo "levo". Ndani yake mna mambo mawili ambayo Kiswahili huyatenga: usawa na kimo. Tabaka la moramu linaweza kulala sawasawa, bila bonde wala kinundu, huku kimo chake kimezidi sentimita 10. Macho yataridhika, lakini barabara haitakutana na daraja wala maji hayataingia kwenye kalvati.

Kimo nacho lazima kiwe na mwanzo. Setilaiti hupima kutoka umbo la kihisabati la dunia, ilhali michoro ya ujenzi huanzia usawa wa bahari. Katika pwani ya Tanzania tofauti ya mianzo hiyo hupita mita 20. Programu huiondoa kwa kutumia modeli na alama za vimo zilizopo eneo la kazi. Alama zikiingizwa vibaya, saiti nzima hukosea pamoja.

Hapo ndipo uhakiki wa kimo unapohitaji kifaa cha asili nyingine. Kituo rejea kikigongwa, au urefu wa antena yake ukiandikwa vibaya, mtambo na kipokezi cha mkononi cha mpimaji kinachotumia masahihisho yaleyale vitakubaliana katika kosa lilelile. Makali ya bamba yakilika, skrini haitajua mpaka yapimwe upya. Mpimaji na asimamishe levo, safari hii kwa maana ya darubini ya kupimia vimo, juu ya miguu mitatu, aanzie kwenye alama ya kimo, asome fito juu ya udongo uliokamilika, kisha afungie kwenye alama nyingine. Afanye hivyo kabla tabaka linalofuata halijamwagwa, kwa sababu kosa lililofukiwa hurekebishwa kwa kufukua.

Mikataba yetu iyataje mambo haya mawili kando: uongozaji uwe wa mkandarasi, na uhakiki wa kimo uwe na saini ya mpimaji asiyetegemea skrini hiyo.